Kusasisha simu iliyorutiwa bila kupoteza ruti: Pixel 7 na Magisk

Simu ikimaliza kupakua sasisho na kukuonyesha kitufe cha kuiwasha upya, ondoa kidole. Mara ya kwanza mimi sikuondoa. Nilikuwa nimefuata kila kitu vizuri, nikaona Restart now, nikabonyeza kwa mazoea tu, kama mtu anavyobonyeza "ndiyo" bila kusoma. Simu ikawaka vizuri, mpya, safi, na ruti, yaani ile ruhusa ya kugusa mpaka ndani kabisa ya mfumo wa simu, haipo. Haikufa, lakini jioni yangu yote ikaishia kwenye kompyuta, nikirudisha kitu ambacho kingechukua dakika mbili.

Nitatumia Pixel 7 kwa sababu ndiyo ninayoijua kwa mikono yangu, na kwa sababu Google huweka mafaili yake yote hadharani. Pixel 7a, 8 na zilizofuata zinakwenda hivyo hivyo. Pixel 6 kurudi nyuma kuna tofauti moja nitakayoitaja. Samsung ni dunia nyingine, nayo nimeiwekea maneno machache huko chini, pamoja na Tecno na Infinix.

Kwa nini sasisho hugoma

Wengi hudhani simu inawaadhibu kwa kuruti. Sivyo. Sasisho dogo la kila mwezi haliji na mfumo mzima. Linakuja na tofauti tu: chukua kipande hiki kilichopo ndani ya simu, badilisha hapa, ongeza pale. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote linahakiki kwamba kipande kilichopo ndicho kile kile kilichotoka kiwandani. Ni kama fundi cherehani aliyetumiwa vipimo vya kurekebisha mkono wa gauni: akikuta gauni lenyewe limeshakatwa na mtu mwingine, anaweka mkasi chini. Simu nayo inaandika Installation problem na kunyamaza.

Zamani, ruti ilikuwa inachimba ndani ya mfumo wenyewe, na hapo hakukuwa na ujanja zaidi ya kuflashi simu nzima, yaani kuiandikia mfumo upya kutoka kwenye kompyuta. Magisk, programu ya kuruti, kazi ya John Wu anayejulikana mitandaoni kama topjohnwu, ilibadilisha mchezo: haigusi mfumo, inakaa kwenye sehemu ndogo inayotangulia simu inapowaka. Kwenye Pixel 7 na simu nyingine nyingi zilizotoka kiwandani na Android 13 au zaidi, sehemu hiyo inaitwa init_boot. Kwenye Pixel 6 na za nyuma yake inaitwa boot. Ndiyo tofauti niliyoitaja. Ukiwa na Pixel 6, kila utakaposoma init_boot hapa, wewe andika boot.

Basi cha kurudisha katika hali ya kiwandani ni sehemu hiyo moja tu, na Magisk huwa imejiwekea nakala ya asili.

Jambo la pili la kuelewa ni sloti. Pixel zote tangu ile ya kwanza ya 2016 zina sloti mbili, yaani nafasi mbili za kuwekea mfumo, A na B. Fikiria mpangaji mwenye vyumba viwili: unalala chumba A huku mpaka rangi akifanya kazi chumba B. Akimaliza, unahamia B. Ndiyo maana sasisho linaingia huku ukiendelea kuchati, na kuwasha upya ni kuhama chumba tu. Sasa, Magisk yako ilikuwa chumba A. Chumba B kimepakwa rangi mpya na hakina Magisk. Lazima uiingize huko kabla hujahama, nawe uko bado na ufunguo. Ukishahama bila hiyo, umekuwa mgeni ndani ya nyumba yako.

Kama huna uhakika simu yako ina sloti, iunganishe na kompyuta yenye adb, programu ndogo ya kuituma simu amri kwa kebo, kisha andika:

adb shell getprop ro.boot.slot_suffix

Ikijibu _a au _b, zipo. Ikikaa kimya bila jibu, hazipo, na njia ya kwanza hapa chini haikuhusu.

Kabla ya kuanza

Chaji iwe juu ya nusu. Kama utatumia kompyuta ya mezani, jiulize kwanza kuhusu umeme wa mtaani kwenu. Laptopu yenye betri inayotunza ni salama zaidi, kwa sababu kukatika umeme katikati ya kuflashi si jambo la kuombea.

Bakapu. Picha, majina, meseji za WhatsApp, na hasa zile programu za kutengeneza namba za uthibitisho. Kwa njia hizi data haifutiki, lakini "haifutiki" ni neno la mambo yakienda sawa.

Zima sasisho la kujiendesha lenyewe. Ingia Settings, About phone, gonga Build number mara saba mpaka ikuambie umekuwa msanidi. Rudi System, Developer options, tafuta Automatic system updates na uzime. Bila hivyo simu inaweza kujisasisha yenyewe siku ukiiwasha upya kwa sababu nyingine kabisa. Hapo hapo kwenye Developer options utaona OEM unlocking. Hiyo iache ilivyo, imewashwa. Usiiguse.

Ukiwa kwenye About phone, nakili Build number kwenye karatasi. Mfano wake ni TQ3A.230805.001. Tarakimu sita za katikati ni tarehe: 23 ni mwaka 2023, 08 ni Agosti, 05 ni siku. Ukishajua kuisoma hivyo, hutachanganya faili la mwezi huu na la mwezi uliopita, na kuchanganya huko ndiko chanzo cha simu nyingi zinazokwama kwenye nembo.

Mwisho, zima moduli zote za Magisk, zile nyongeza ndogo unazoiwekea. Fungua programu, ukurasa wa Modules, sukuma vitufe vyote kuwa vimezimwa. Moduli iliyoandikwa kwa mfumo wa mwezi uliopita inaweza kugongana na wa mwezi huu na simu ikawa inajiwasha na kujizima bila mwisho. Utaziwasha baadaye, moja moja. Najua zinachosha kuzima. Zizime.

Njia ya kwanza: ndani ya simu, bila kompyuta

1. Fungua Magisk, bonyeza Uninstall Magisk, kisha uchague Restore Images. Siyo Complete Uninstall, ambayo iko jirani yake. Hapa Magisk inarudisha init_boot ya asili mahali pake. Usiwashe simu upya. Ruti bado inafanya kazi kwa sababu imeshapanda kwenye kumbukumbu, lakini ikizimika sasa hivi imekwisha.

2. Ikikuambia nakala ya asili haipo, ishia hapo. Hutokea hasa kama faili lako lilitiwa Magisk kwenye simu nyingine kisha likaletwa kwako, jambo la kawaida kwa simu zilizorutiwa na fundi. Nenda njia ya pili.

3. Ingia Settings, System, kwenye sasisho la mfumo, na uruhusu lipakue na kujisakinisha. Hili ndilo dogo, la megabaiti chache ukilinganisha na kupakua mfumo mzima, kwa hiyo bando lako litapumua. Litachukua muda. Acha simu mezani, kanywe chai.

4. Kitufe cha Restart now kikitokea, kumbuka aya ya kwanza. Toka humo kwa kitufe cha nyumbani.

5. Rudi Magisk, bonyeza Install, chagua Install to Inactive Slot (After OTA), OTA ikiwa ni sasisho la hewani, kisha Let's Go. Maandishi yatateremka kwenye skrini. Yakiishia na All done!, Magisk imeshaingia chumba B.

6. Sasa bonyeza Reboot ya hapo hapo ndani ya Magisk, siyo ile ya kwenye Settings.

Ikiwaka, angalia vitu vitatu: Build number iwe imebadilika, Magisk ionyeshe namba ya toleo mbele ya Installed badala ya N/A, na ile amri ya sloti ijibu herufi nyingine tofauti na ya mwanzo. Washa moduli moja, washa simu upya, tazama. Kisha ya pili.

Njia ya pili: kwa kompyuta

Hii ndiyo ninayoitumia mwenyewe siku hizi, hata pale ambapo ya kwanza ingetosha. Ni ndefu, inakula bando la gigabaiti mbili na zaidi, lakini kila hatua naiona kwa macho, na kila kosa lina njia ya kurudi. Faili zima la sasisho halijali simu yako ilikuwa na nini kabla, kwa sababu halilinganishi chochote, linaandika mfumo mzima upya kwenye sloti iliyolala. Kwa hiyo hata kama Magisk ipo, haligomi.

Ingia ukurasa wa Google wa mafaili kamili ya OTA ya Pixel. Simu zimepangwa kwa majina ya ndani: Pixel 7 ni panther, 7 Pro ni cheetah, 7a ni lynx, 6 ni oriole, 6 Pro ni raven, 6a ni bluejay, 8 ni shiba, 8 Pro ni husky. Angalia mara mbili. Panther na cheetah zilitoka siku moja na mafaili yao yamepangwa jirani.

Likishuka, hakiki kwamba limeshuka zima. Mbele ya kila faili pameandikwa SHA-256 yake, mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Kwenye Windows fungua dirisha la amri na uandike certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Kwenye Linux ni sha256sum na jina la faili. Mistari ikilingana, endelea. Ikitofautiana hata herufi moja, pakua tena. Intaneti zetu hukatika katikati na kivinjari kikakudanganya kwamba kimemaliza.

Sasa unahitaji init_boot.img ya toleo hilo hilo jipya. Maelekezo mengi yatakuambia upakue faili la pili, lile la kiwandani, na ulifungue. Hiyo ni gigabaiti nyingine mbili na kitu. Huna haja. Ndani ya zipu uliyonayo kuna faili linaloitwa payload.bin, na init_boot imo humo. Programu ndogo ya bure iitwayo payload-dumper-go inaitoa:

payload-dumper-go -p init_boot payload.bin

Peleka kwenye simu:

adb push init_boot.img /sdcard/Download/

Kwenye simu, fungua Magisk, Install, Select and Patch a File, chagua faili hilo. Magisk itaandika jipya kwenye Download, jina lake linaanza na magisk_patched. Lirudishe kwenye kompyuta kwa adb pull, siyo kwa kuburuta na kipanya, maana njia ile ya kuburuta imewahi kuharibu mafaili bila kusema lolote.

Sasa una mafaili mawili: la asili na lililotiwa Magisk. La asili ndilo bima yako. Yaweke folda moja yenye jina la Build number.

Kisha kazi yenyewe:

adb reboot sideload

adb sideload jina_la_faili.zip

Kwenye kompyuta asilimia itapanda, na mara nyingi itasimama kwenye 47 kisha amri ikaishia hapo. Usishtuke na usichomoe kebo. Simu ndiyo ya kuitazama, itaandika yenyewe ikimaliza. Watu wamechomoa kebo kwa ajili ya hiyo 47.

Ikimaliza, chagua Reboot system now. Ndiyo, iache iwake bila ruti kwanza. Wapo wanaokwenda moja kwa moja kuflashi, na wanafika salama. Mimi nataka kujua kwamba mfumo mpya unawaka wenyewe kabla sijautia kitu, ili likitokea tatizo nijue ni la nani. Iwake, isubiri dakika chache, thibitisha Build number, halafu:

adb reboot bootloader

fastboot flash init_boot magisk_patched-xxxxx.img

fastboot reboot

Badala ya hizo x weka jina halisi la faili lako. Usiongeze _a wala _b. Fastboot, ndugu yake adb wa kuflashi, yenyewe inaandika kwenye sloti inayotumika.

Ikikwama kwenye nembo

Vuta pumzi. Butiloda, ile programu inayotangulia kuwasha mfumo, haijafungwa, kwa hiyo simu hiyo haijafa. Zima kwa kushikilia kitufe cha kuwashia, kisha washa ukiwa umeshika cha kupunguza sauti pamoja na cha kuwashia mpaka uone skrini ya butiloda. Flashi lile la asili:

fastboot flash init_boot init_boot.img

Ikiwaka, tatizo lilikuwa Magisk au moduli. Ukishuku moduli uliyosahau kuizima, na kompyuta yako ilisharuhusiwa na simu hiyo kwa adb, amri adb wait-for-device shell magisk --remove-modules, ukiituma simu ikiwa inahangaika kuwaka na Magisk ikiwa ndani, itazifuta zote na kuwasha upya. Njia nyingine ni kuwasha simu katika hali salama, Safe mode. Magisk ikiiona hali hiyo inazima moduli zenyewe.

Kitu kinachoweza kukuletea msiba wa kweli ni kufunga butiloda huku Magisk imo. Kuna watu husasisha, wanaona onyo la rangi ya chungwa kila simu inapowaka, linawakera, wanaandika amri ya kufunga. Simu ikiwaka inakuta faili lisilo na sahihi ya kiwandani, inakataa, na sasa huwezi kuflashi kwa sababu umefunga. Onyo lile livumilie.

Kwa wenye Pixel 6, 6 Pro na 6a ambazo bado ziko Android 12: mkivuka kwenda 13, hakuna kurudi. Toleo hilo la Agosti 2022 lilizuia butiloda ya zamani, na sloti ya pili inabaki na butiloda hiyo ya zamani. Simu ikishindwa kuwaka na kujaribu kurudi kwenye sloti ile, inaweza isiwake tena kabisa. Google wenyewe walishauri baada ya kuvuka na simu kuwaka vizuri, uliflashi sasisho hilo hilo mara ya pili ili sloti zote mbili zipate butiloda mpya. Fanya hivyo.

Samsung, Tecno, Infinix

Samsung ikisharutiwa, fyuzi ya Knox, mfumo wake wa usalama, inaungua na hairudi. Sasisho la hewani usilihangaikie. Unapakua mfumo mzima wa modeli na nchi yako, unalitia Magisk lile faili la AP, kisha unaflashi kwa Odin, programu ya kompyuta ya kuflashi Samsung, pamoja na mafaili mengine ya mfumo huo: BL, CP na HOME_CSC. Neno HOME hapo ndilo linalookoa data. Ukichagua CSC tupu, simu inafutwa.

Tecno, Infinix na itel shida yake si ufundi, ni mafaili. Hakuna ukurasa kama ule wa Pixel, kwa hiyo watu huokota boot.img kwenye makundi ya Telegram. Kama simu yako ina sloti na Magisk ina nakala yake ya asili, jaribu njia ya kwanza tu. Kama fundi ndiye aliyekurutia, siku hiyo hiyo mwambie, "Bosi, nipe na boot ya asili." Fundi mwenye kazi yake atakuwa nayo kwenye kompyuta. Asiyekuwa nayo, jiulize aliruti kwa kutumia nini.

Programu za pesa

Baada ya kusasisha, programu ya benki iliyokuwa ikifungua jana inaweza kugoma leo. Programu nyingi za fedha huiuliza Google, kupitia Play Integrity, kama simu ni salama, na butiloda iliyofunguliwa pekee inatosha kuharibu jibu. Moduli za kuficha zipo, zinafanya kazi wiki mbili, zinakufa, zinakuja nyingine. Mimi nimeacha mbio hizo. Menyu ya *150*00# kwa M-Pesa Tanzania na *334# kwa Kenya haiulizi simu imerutiwa au la, inafungua hata kwenye kiswaswadu. Ila hakikisha unayo salio au pesa taslimu mfukoni kabla ya kuanza kusasisha saa kumi na mbili jioni ukitegemea kulipia daladala kwa simu hiyo hiyo.